Kidole Kisicho na Mistari

Kahiga alichovya kidole gumba katika wino mara tatu, na mara tatu karani Moffat akakikandamiza juu ya karatasi kama mtu anayeua kupe. Kila mara lilitoka doa tu, jeusi na laini, kama tone la lami. Hapakuwa na mstari hata mmoja.

"Lete kingine," Moffat akasema.

Cha kushoto nacho kikatoa doa.

Moffat alikuwa kijana wa Tetu, mwenye tai na kalamu mbili mfukoni. Tangu Januari alikuwa ameandika pasibuku, vile vitabu vya ruhusa ya kutembea, za vijiji vinne. Walikuja wazee, wakaja wanawake waliochuma majani ya chai mpaka mikono ikawa myeusi, akaja hata kiwete aliyebebwa mgongoni na mkewe. Wote walikuwa na mistari. Akainua macho polepole.

"Umevisugua na nini?"

"Sijasugua. Mimi ni fundi wa lipu. Hii ni simiti na chokaa."

"Mafundi ni wengi. Wengine wako na vidole."

Hilo lilikuwa kweli, na Kahiga alijua lingemwumiza. Mafundi wenzake walifanya kazi kwa mwiko na ubao. Yeye alikuwa mtu wa kumalizia. Kona za kuta, kingo za madirisha, pale mwiko usipoingia vizuri, alizilainisha kwa kidole gumba kilicholowa chokaa. Ndiyo maana Idara ya Ujenzi ilimweka miaka yote hiyo, na ndiyo maana ngozi ya vidole vyake ilikuwa imechubuka, ikapasuka, ikapona ikiwa laini na kung'aa kama ganda la yai. Lakini ni nani angemweleza Moffat habari ya kona?

Moffat alifungua kipande cha zamani cha Kahiga, kitambulisho alichopewa akiwa kijana, miaka ishirini nyuma. Alama ya kidole ilikuwa humo, mistari yake yote wazi kama ya gogo lililokatwa kwa msumeno.

"Huyu alikuwa na kidole," karani akasema. "Wewe huna. Sasa nitajuaje ati huyu ni wewe?"

Aliinuka akaenda kumwita D.O., ofisa wa tarafa.

D.O. alikuwa Mzungu mdogo, hajafika thelathini, na alikuwa na haraka kwa sababu gari la doria lilimngoja nje. Alikishika kidole cha Kahiga akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Kisha akasema, kwa Kiswahili chake cha amri, kwamba waasi wa msituni walikuwa wakijisugua vidole kwa jiwe ili wasijulikane. Mtu aliyefuta kidole ana sababu.

"Alete barua ya daktari," akasema. "Daktari wa ngozi. Wa serikali, si wa dukani. Ijumaa saa sita. Hakuna barua, anapanda lori ya kambi ya wafungwa."

Ilikuwa Jumatatu, mwezi wa Julai mwaka wa hamsini na tano, ukungu umelala juu ya Nyeri tangu alfajiri. Kahiga akajipangusa wino kwa kitambaa cha mezani. Watu wawili wa kijiji chake walipanda lori hiyo mwezi wa Mei, na wake zao hawakujua hata ni kambi gani waandike barua.

Kwa kuwa mtu asiye na pasibuku hakuruhusiwa kwenda popote, alipewa askari wa kuzunguka naye. Askari huyo alikuwa Dishon, Mragoli mrefu, mwenye sauti ya kanisani. Alimfunga pingu mkono mmoja, pete ya pili akaishika mwenyewe, akasema, "Twende, fundi. Leo mimi ndiye pasibuku yako."

Kahiga hakucheka. Askari anayekuchekesha anataka kitu.

*

Alikuwa na jambo moja la kumsaidia. Wafanyakazi wa Idara ya Ujenzi walipewa chiti ya matibabu, karatasi ya waridi iliyosema kuwa mwenye nayo atatibiwa bure na daktari yeyote wa serikali. Kahiga alikuwa nayo kwa miaka mitatu, imekunjwa ndani ya kopo la tumbako. Hakuwahi kuitumia. Kitu cha bure kutoka serikalini kilimtia shaka kuliko kile kinachouzwa.

Jumanne wakafika hospitali ya serikali. Walikaa kwenye benchi mpaka mchana, Dishon akitafuna muwa, watu wakimsogelea Kahiga mpaka waone pingu, halafu wakijitenga. Dresa wa vidonda aliyewapokea aliitwa Barnabas, mtu wa Kisumu. Aliisoma chiti, akatazama vidole, akachukua brashi na chupa ya dawa ya zambarau.

"Usipake," Kahiga akasema, akivuta mkono.

"Kwa nini? Hii inatibu kila kitu."

"Nataka daktari aone kama kilivyo. Ukipaka rangi watasema nimeficha."

Barnabas akamtazama Dishon. Dishon akainua mabega.

"Daktari wa ngozi hapa hakuna," Barnabas akasema. "Tuko na wa kupasua, wa macho anakuja kila mwezi, na wa wazazi. Ngozi mtu anapaka dawa anaenda nyumbani."

"Chiti inasema daktari yeyote."

"Chiti inasema. Lakini haiwezi kuzaa daktari."

Dishon akaangua kicheko. Kahiga akaikunja chiti yake, akashika hilo moyoni: askari huyu anafurahi nikikosa.

Jumatano Dishon mwenyewe ndiye aliyetoa wazo la yule Mhindi wa barabara ya soko, aliyekuwa na kibao cha daktari chenye maandishi ya dhahabu. Alikuwa amesomea ngozi Bombay, Dishon alisema. Kila mke wa ofisa alimpelekea vipele vya mtoto.

"D.O. alisema si wa dukani," Kahiga akasema.

"Huyu akiwa anachukua chiti ya serikali, si ni wa serikali?"

Ilisikika kama akili, na Kahiga akajiuliza kwa nini askari anampa akili.

Daktari yule aliwapokea mlangoni, hakuwaingiza. Alisoma chiti kwa umbali, miwani ikiwa puani.

"Mimi hapana daktari ya chiti," akasema. "Chiti napeleka, serikali nalala. Mwaka moja, mwaka mbili. Leta pesa."

"Hata nikileta pesa," Kahiga akauliza, "utaandika barua?"

Daktari akatazama kidole. Alikitazama kwa muda, na Kahiga akaona machoni mwake kwamba amejua. Alijua ni nini, kama fundi anavyojua ukuta uliopigwa simiti mbovu. Kisha daktari akatazama pingu, akatazama bunduki ya Dishon.

"Mimi sijaona kitu," akasema, akafunga mlango.

Wakatembea mpaka mtaa wa Majengo. Nyuma ya msikiti Dishon alinunua chai kwa mama mmoja, akampa Kahiga kikombe.

"Iko mmoja," akasema. "Sikutaka kukwambia."

"Mmoja nani?"

"Daktari wa ngozi. Wa serikali kabisa, anachukua chiti, hadai kitu. Kesho atakuwa Giakanja na lori yake. Barnabas aliniambia ulipoenda choo."

"Kwa nini hukusema jana?"

Dishon akanywa chai yake kwanza.

"Kwa sababu ni daktari wa ukoma, fundi."

*

Lori la ukoma lilikuwa la kijivu, na lilisimama upande wa pili wa soko la Giakanja, mbali na vibanda, chini ya miti ya miwati. Watu wa soko walikuwa wamelizungushia nafasi tupu kubwa kama uwanja. Mwanamke aliyebeba ndizi aliona Kahiga na Dishon wakielekea huko, akatema mate pembeni akabadili njia.

Kahiga akasimama.

"Nikienda pale, nimekwisha," akasema. "Kesho kijiji kizima kitajua."

"Usipoenda, kesho ni Ijumaa."

Kwa mara ya kwanza alimtazama askari usoni. Labda hii ndiyo ilikuwa njama yote. Labda walitaka aandikwe mkoma, apelekwe kisiwa cha wakoma, kusiwe na haja ya kesi wala kambi. Uso wa Dishon haukumwambia kitu. Kahiga akaenda, kwa sababu miguu ilikuwa na upande mmoja tu wa kwenda.

Daktari alikuwa Mzungu mzee, sikio moja limekufa, koti lake limetoboka viwiko. Alichukua chiti ya waridi bila kuisoma akaitia ndani ya sanduku pamoja na nyingine.

"Serikali ni moja," akasema. "Kaa. Funga macho."

Kahiga hakufunga.

"Funga macho," daktari akarudia. "Mimi nagusa. Wewe nasema wapi."

Katika miaka ile mtu wa Nyeri hakufunga macho mbele ya Mzungu huku askari amesimama nyuma yake. Kahiga alikuwa amewaona watu walioambiwa wafumbe macho ili msaliti aliyevaa gunia kichwani apite mbele yao na kumtikisia kichwa wa kukamatwa. Akageuka. Dishon alikuwa ameketi kwenye jiwe, bunduki juu ya magoti, anavua kiatu kutoa changarawe.

Akafunga. Alisikia kitu chepesi, labda unyoya, kwenye mkono.

"Hapa," akasema. Kwenye kiganja. "Hapa." Kwenye kidole gumba, laini kama pumzi ya mtoto. "Hapa."

"Fungua. Hii hapana ukoma. Mkoma hasikii. Wewe nasikia kila kitu." Daktari alikikamata kidole akakikuna kwa ukucha wake. "Hii simiti. Chokaa. Miaka mingapi?"

"Ishirini."

"Na nafanya kona kwa kidole."

Kahiga alimkodolea macho. Hakukumbuka mara ya mwisho mtu kumwelewa haraka hivyo, na jambo hilo likamtia hofu mpya.

"Umejuaje?"

"Iko fundi kama wewe, Fort Hall. Yeye pia napoteza alama." Daktari akatoa kopo la mafuta ya dawa, ya manjano, yenye harufu ya kondoo. "Paka asubuhi na jioni. Wiki tatu hapana gusa simiti. Alama narudi. Yote."

Kahiga akaomba barua. Daktari akatafuta karatasi. Ndani ya lori kulikuwa na aina moja tu, ile yenye kichwa kikubwa cheusi cha huduma ya ukoma. Akaandika mistari mitano chini ya kichwa hicho, akagonga mhuri.

Njiani Dishon akaifungua akaisoma kwa sauti, kidole kikifuata maneno. Alifika darasa la sita, na Kiingereza chake kilitosha. Barua ilisema mtu huyu hana ukoma. Ilisema ngozi yake imeliwa na chokaa, hakuisugua, na alama zitarudi akipumzika na simiti.

"Umesoma yote?" Kahiga akauliza.

"Yote."

"Huongezi kitu?"

"Fundi, wewe hata ukipewa mbingu utauliza kama paa inavuja."

Darajani walizuiwa na homugadi wawili, walinzi wa kijiji wa serikali. Mmoja, jina lake Muriithi, aliinyakua ile barua kwa kiburi, akasoma kichwa chake, na karatasi ikamtoka mikononi kama ilikuwa na moto. Akarudi nyuma hatua mbili akajifuta kwenye koti.

"Pita," akasema. "Piteni wote."

Dishon akaiokota barua, akaikunja taratibu, na hakucheka mpaka walipopita kona.

*

Ijumaa saa tano D.O. hakuwepo. Alikuwa ameingia msituni na askari wake, na aliacha rundo la pasibuku alizozitia sahihi mapema ili Moffat azijaze. Uani lori ya kambi ilikuwa imewashwa. Watu sita walikuwa tayari ndani, wameketi sakafuni, mikono kichwani.

Kahiga aliweka barua mezani.

Moffat alianza kuisoma kutoka juu, kama makarani wanavyosoma. Macho yake yalifika kwenye kichwa cha karatasi, kwenye mhuri, yakasimama hapo. Kiti chake kikarudi nyuma chenyewe.

"Hii imetoka kwa lori ya kijivu?"

"Ndiyo," Dishon akasema.

"Na wewe umetembea naye siku ngapi?"

"Tano. Nimemfunga pingu asubuhi, nimemfungua jioni."

Moffat akamwondolea Dishon macho pia. Alitazama kalamu aliyokuwa ameshika Jumatatu, wino ule, kile kitambaa ambacho Kahiga alijipangusia. Akaisukuma sahani ya wino kwa ukingo wa rula mpaka ikafika mwisho wa meza.

"Soma chini," Dishon akasema. "Daktari ameandika."

"Nimesoma ya kutosha."

"Chini, karani. Mistari ni mitano tu."

"Nimesema nimesoma. Unataka kunifundisha kazi?"

Kahiga alifungua mdomo. Sentensi ilikuwa tayari: sina ukoma. Ilikuwa ukweli, ilikuwa na mhuri, na askari alikuwa shahidi. Lakini alisikia injini ya lori uani, akaona jinsi Moffat anavyoharakisha kuandika ili amwondoe, na sentensi ile ikabaki chini ya ulimi. Dishon naye akanyamaza.

Moffat aliandika, akagonga mhuri, akaisukuma pasibuku kwa rula.

"Chukua. Toka kwa mlango wa nyuma."

Nje, karibu na tangi la maji, Dishon alimfungua pingu kwa mara ya mwisho.

"Ameandika nini?" Kahiga akauliza.

Dishon akaisoma. "Jina. Kijiji. Kazi. Hapa mahali pa alama ameandika: hana alama za vidole, ugonjwa wa ngozi wa kudumu."

"Wa kudumu."

"Mimi nilimwambia asome. Hakusoma. Hiyo ni kazi yake, si yangu." Akatia pingu mfukoni. "Nenda nyumbani, fundi."

*

Murugi, mke wa Kahiga, hakuuliza mengi. Alikuwa amesikia kuhusu lori la kijivu kabla mumewe hajavuka handaki linalozunguka kijiji. Alisoma uso wake, akachukua mkono wake, akauchoma kwa mwiba wa mchongoma. Kahiga akaruka.

"Basi," Murugi akasema. "Mkoma hasikii. Mama yangu alinifundisha." Akawasha moto, akapasha yale mafuta ya kondoo, akampaka kidole kimoja kimoja.

Majirani hawakuwa na mwiba. Kwenye zamu ya kuchota maji walimwachia Murugi nafasi ya mwisho. Kazini, msimamizi alimwondoa kwenye lipu akamweka kubeba mbao, peke yake, na wenzake wakamtengea kikombe chake, wakakifunga kamba nyekundu kwenye sikio. Kahiga alivumilia. Alihesabu siku. Lori ya kambi ilikuwa ikipita kila Ijumaa, na yeye hakuwa ndani.

Wiki ya tatu, asubuhi, Murugi alikuwa akimpaka dawa karibu na mlango, kwenye mwanga. Mikono yake ikasimama.

"Baba Gatimu. Angalia."

Akaangalia. Chini ya ile ngozi ya kung'aa, kwenye kidole gumba cha kulia, mistari ilikuwa imeanza kutoka. Ilikuwa myembamba sana, imezunguka kama matuta ya shamba kwenye mteremko uliotazamwa kutoka ng'ambo ya bonde.

"Umepona," Murugi akasema, akacheka, kicheko ambacho Kahiga hakukisikia tangu Mei. "Mzee wa watu hakudanganya. Umepona."

Kahiga hakucheka. Alikuwa amekaa, kidole kimeinuliwa.

"Kitabu inasema sina," akasema.

"Kitabu gani?"

"Pasibuku. Inasema sina mistari. Ya kudumu. Sasa niko nayo."

Murugi akakausha mikono kwenye shuka yake. "Nenda kwa Moffat arekebishe."

"Nimwambie nini? Ati kidole kimeota? Alisema mimi si yule wa kipande kwa sababu sina mistari. Nikienda na mistari, mimi ni nani? Atasema nimebeba pasibuku ya mtu mwingine. Na ataniuliza kwa nini sikusema siku ile."

"Dishon anajua."

"Ndiyo. Dishon anajua."

Alipolisema ndipo lilipomwingia. Mtu mmoja tu duniani alikuwa anajua kwamba karani alikosea na kwamba Kahiga alinyamaza, na mtu huyo alikuwa askari.

Alimkuta darajani siku hiyohiyo. Dishon alikuwa ndiye wa zamu, anakagua pasibuku za watu wa kazi. Alifungua ya Kahiga, akasoma, akaifunga, hakumrudishia.

"Kidole kinaendeleaje?"

"Kinauma," Kahiga akasema.

"Nionyeshe."

Nyuma yao mstari wa watu ulikuwa mrefu, na Muriithi wa homugadi alikuwa anatazama. Kahiga akatoa mkono. Alikuwa amepaka mafuta mengi, lakini mwanga wa jua ulikuwa mkali kwa mara ya kwanza mwezi huo. Dishon akakishika kidole akakigeuza, kama D.O. alivyokigeuza. Alikitazama kwa muda mrefu. Kisha akamrudishia pasibuku.

"Bado mgonjwa," akamwambia Muriithi. Halafu, kwa sauti ya chini, akimtazama Kahiga machoni: "Endelea kuugua, fundi. Mimi wiki ijayo nahamishwa Nanyuki."

Kahiga alivuka daraja bila kujua kama amepewa msaada au onyo la mwisho. Alifikiria hilo njia nzima. Alipofika kazini aliacha kufikiri, kwa sababu majibu yote mawili yalidai kitu kilekile.

Walikuwa wakijenga chumba kipya cha ofisi. Alimwendea msimamizi akasema amepona, anataka lipu yake. Msimamizi akamtazama, akatazama kona zilizoharibiwa na vijana wawili kwa wiki tatu, akamtupia mwiko.

"Utafanya peke yako upande ule," akasema. "Na kikombe chako kinabaki kile."

Kahiga akachanganya simiti. Kwenye kona ya kwanza, penye lipu mbichi, alikandamiza kidole gumba mara moja akakiondoa. Mistari yote ilikuwa pale ukutani, safi, mtu yeyote angeisoma. Ilikuwa ileile ya kwenye kipande cha miaka ishirini. Akaitazama kidogo. Kisha akaifuta kwa mwiko, akavuta ndoo ya chokaa karibu, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akaushikilia humo mpaka ulipoanza kuwaka.